Upanga wa moto wa kerubi: anza na taa, printa itafuata

Kwenye igizo la Edeni, Adamu na Hawa si tatizo. Majani ya mgomba yapo, nyoka anashonwa kwa kitenge chakavu na kujazwa pamba, na tunda ni embe la msimu. Tatizo ni kerubi. Yeye ameandikiwa upanga wa moto, na hakuna mzee wa kanisa atakayeruhusu mwenge wa mafuta ya taa ndani ya jengo lenye mapazia. Basi kerubi wetu hushika ubao uliofunikwa karatasi ya kung'aa, na watazamaji, kwa wema wao, hukubali kwamba huo ni moto.

Siku hizi kuna njia nyingine. Vijana wa maigizo wa Mwanga, Gungu na Ujiji, hapa Kigoma, wana simu, wameona panga za plastiki zinazowaka zikitengenezwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu cha plastiki kutoka kwenye faili la mchoro wa kompyuta, na swali lao la kwanza huwa lilelile: faili la upanga linapatikana wapi? Mafaili yapo tele mtandaoni, mengi ni ya bure. Lakini swali hilo ndilo linalowapoteza. Anayeanza na faili hupata upanga mzuri wa kutazama, usio na njia ya waya, wenye mpini usioingiza betri, na ukiwashwa unaonyesha vitone vya taa vilivyopangwa mstari badala ya mwali.

Upanga unaowaka ni taa. Ni taa ndefu na nyembamba, inayobebwa mkononi, itakayoangushwa na kuokotwa, na iliyofichwa ndani ya umbo la silaha. Ukilikubali hilo, mpangilio wa kazi unageuka. Mwanga unakuamulia upana wa ubapa na ukubwa wa betri, betri inakuamulia urefu wa mpini, na umbo litakalotoka kwenye printa linachorwa mwisho kabisa. Kila uamuzi unaufunga mwingine, na ndiyo sababu jambo zima huonekana gumu kuliko lilivyo.

Vitone na mwali

LED si ngeni Kigoma. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliozoea kuvuta samaki kwa karabai, wengi wamehamia kwenye taa za LED zinazotumia betri. Kwa hiyo ukienda Kibirizi au Katonga huwezi kukosa mtu aliyezoea kuchomelea taa hizi, kuzifunga na kuzikinga na maji. Huyo ndiye wa kumwendea kabla hujamtafuta mtaalamu wa kompyuta. Nenda siku za mbalamwezi: mwezi ukiwa mkubwa uvuvi wa taa hupungua, na fundi anakuwa na nafasi ya kukusikiliza.

LED za kutumia ni zile za mkanda, zinazouzwa kwa mita zikiwa na gundi nyuma. Mikanda iko ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ule wa kawaida, unaopamba kaunta za maduka na kumbi za harusi, hutumia volti 12, na taa zake zote huwaka pamoja na kuzimika pamoja. Kwa upanga wa rangi moja tulivu unatosha kabisa. Moto lakini hautulii. Sehemu moja inapanda huku nyingine inashuka. Kwa hilo unahitaji mkanda ambao kila LED ina kichipu chake ndani na inapokea amri yake peke yake. Unaouzwa zaidi huitwa WS2812B. Kila taa ina vijitaa vitatu, chekundu, kijani na buluu, na kila kimoja kinaweza kuwekwa kwenye kiwango chochote kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu ikiwa juu na kijani ikiwa theluthi yake, unapata rangi ya chungwa ya kaa la moto. Buluu inazimwa kabisa. Kumbuka hili la buluu, litatufaa mbele.

Sasa vitone. Mkanda wenye LED 60 kwa mita una nafasi ya karibu milimita 17 kutoka taa moja hadi nyingine. Ngozi ya plastiki ikiwa karibu mno na taa, jicho linaiona kila LED peke yake. Ikisogezwa mbali, duara za mwanga zinapanuka, zinagusana, kisha zinayeyukiana. Kipimo ambacho hakijawahi kunitupa ni kwamba umbali kutoka taa hadi ngozi usipungue umbali kati ya taa na taa. Kwa mkanda huu, basi, unahitaji milimita 17 za hewa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanabandika mikanda miwili mgongo kwa mgongo, ikiangalia pande mbili za ubapa. Milimita 17 huku, 17 kule, jumlisha unene wa mikanda na cha kuibandikia, na upanga unafika unene wa sentimita 4. Huo ni mpini wa jembe. Wakikimbilia mkanda wa LED 144 kwa mita, ambazo zimeachana kwa milimita 7 tu, unene unapungua lakini idadi ya taa inazidi maradufu, na njaa ya umeme inazidi vilevile. Unene umehamishiwa kwenye betri.

Njia ninayoipendelea ni kuzigeuza LED ziangalie makali. Upanga kwa asili yake ni mpana kuliko ulivyo mnene, kwa hiyo zile milimita 17 zichukue kwenye upana, ambako hakuna atakayezilalamikia. Katikati unapita mfupa, yaani bomba la aluminiamu tutakalolifikia mbele, mkanda mmoja unabandikwa ubavu wa kushoto na mwingine wa kulia, na mwanga unasafiri kuelekea makali. Piga hesabu: mfupa wa milimita 12.7, mikanda miwili ya milimita 2 kila mmoja, hewa ya 17 mara mbili, ngozi ya milimita 1 kila upande. Jumla ni karibu milimita 53. Ubapa wa sentimita 5 na ushee, wenye unene wa sentimita moja na nusu hivi. Huo ni upanga.

Kuna kasoro ndogo. Karibu kabisa na mfupa, mwanga unakuwa bado haujachanganyika, na utaona mawimbi madogo, penye taa pameng'aa na pasipo na taa pana giza. Usihangaike kuyaondoa, yafunike. Bamba la katikati la ubapa lichapishwe kwa plastiki isiyopitisha mwanga, nyeusi au ya rangi ya shaba, na lipanuke milimita 4 au 5 kupita mfupa kila upande. Kinachobaki kuonekana ni mistari miwili ya mwali kandokando ya upanga. Kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma inavutia zaidi kuliko ubapa unaong'aa wote kama taa ya dukani.

Mfupa

Plastiki ya printa ya 3D haipendi kupindwa. Printa za kawaida huyeyusha uzi wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 1.75 na kuuchora kupitia tundu la milimita 0.4, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka karibu milimita 0.2. Ndani ya tabaka plastiki ina nguvu. Kati ya tabaka na tabaka imeshikana tu. Kipande kilichochapishwa kikiwa kimesimama, chenye urefu wa sentimita 20, kina matabaka 1000, maana yake kuna sehemu 999 kinapoweza kukatikia. Ukikichapisha kikiwa kimelala kinakuwa imara zaidi, ila upande wa chini unahitaji nguzo za kushikilia, na nguzo zikibanduliwa huacha makovu ambayo mwanga utayaonyesha yote.

Mfupa wa aluminiamu unamaliza mabishano haya. Ukibeba wenyewe uzito na mapigo, plastiki inabaki kuwa kifuniko cha taa, na kifuniko cha taa kinaweza kuchapishwa kikiwa kimesimama bila hofu. Aluminiamu haihitaji kuagizwa. Nenda kwa fundi wa madirisha, mpe shikamoo yake kama ni mtu mzima, mwambie unatafuta bomba la mraba la nusu inchi, kama sentimita 85, kwenye mabaki. Mara nyingi lipo limeegemezwa ukutani. Nusu inchi ni milimita 12.7, si 12, na tofauti hiyo ya milimita 0.7 imeharibu vipande vingi vya watu walioamini jina badala ya kupima. Chukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili, pima pande zote mbili, kisha tundu la ndani la plastiki lichorwe kubwa kwa milimita 0.4 hivi, kwa sababu matundu ya printa hutoka madogo kuliko yalivyochorwa.

Bomba la namna hiyo lenye ukuta wa milimita 1 halifiki gramu 120 kwa urefu huo, na ubavu wake unatosha mkanda wa milimita 10. Tena linasaidia kuondoa joto la LED. Lina ubaya mmoja: linapitisha umeme. Sehemu ulipokata mkanda kuna vidoa vya shaba vilivyo uchi, na vikigusa aluminiamu una shoti ndani ya upanga uliokwisha gundishwa. Bandika kwanza tepu ya umeme ubavu mzima, ndipo mkanda uje juu yake. Usiiamini gundi ya nyuma ya mkanda iwe kinga.

Kuhusu printa

Sehemu hii ndiyo inayotisha watu, na kwa kweli ndiyo nyepesi. Hati miliki ya njia hii ya kuyeyusha uzi na kuupanga kwa matabaka, aliyoiomba Mmarekani Scott Crump mwaka 1989, ilifika mwisho mwaka 2009. Wakati huo mradi wa RepRap, ulioanzishwa mwaka 2005 na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ulikuwa tayari unagawa bure michoro ya printa ambayo mtu angeweza kuiunda mwenyewe. Ndiyo maana mashine ambayo zamani ilikuwa ya viwanda vikubwa leo iko mezani kwa mwanafunzi. Kama hakuna mwenye printa karibu nawe, unatuma faili Dar es Salaam kwa simu na vipande vinakuja kwa basi.

Printa nyingi za mezani zina sahani ya milimita 220 kwa 220 na kimo cha 250. Ubapa wa sentimita 80 hauingii, basi unakatwa vipande vinne vya sentimita 20 vinavyovishwa kwenye mfupa kimoja baada ya kingine. Vitatu haviwezekani, kwa kuwa kila kimoja kingefika karibu milimita 267 na kupita kimo cha printa. Na hata kwenye printa ndefu zaidi, kuna suala la umeme. Kipande kimoja huchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, hata printa yenye uwezo wa kuendelea ilipoishia haiwezi kuzuia sahani isipoe. Plastiki ikipoa hujiachia, na umeme ukirudi printa inachora hewani. Kipande kifupi kikiharibika umepoteza alasiri. Kikiharibika kirefu umepoteza siku nzima na uzi wake. Kwa kuwa kipande kimesimama na kitako chake ni chembamba, kiongezee ukingo mpana kwenye tabaka la kwanza, la sivyo kitatikisika kikifika juu.

Uzi wa kawaida ni PLA, plastiki inayotokana na wanga au sukari ya mimea kama mahindi na miwa. Inachapika vizuri kwenye nyuzi joto 200 hivi, lakini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 60. Upanga wa PLA ulioachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, jua la saa nane mchana, unaweza kukutwa umepinda. PETG, plastiki nyingine ya printa, inavumilia hadi karibu nyuzi 80, haivunjiki kirahisi, na huchapishwa kwenye nyuzi 230 hadi 250. Kwa vipande vitakavyosafiri kwa basi na kukaa stoo yenye bati, mimi ningechukua PETG bila kufikiri mara mbili. Zote mbili hunywa unyevu wa hewa, na msimu wa mvua kati ya Novemba na Aprili uzi ulioachwa wazi hutoa mlio wa kupasuka-pasuka ukiyeyuka na kuacha nyuzinyuzi kama za buibui. Ufungie kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Rangi ya ngozi iwe nyeupe ya kawaida. Ile isiyo na rangi, inayokaribia kioo, inashawishi lakini inaonyesha matumbo yote. Ukuta uwe wa mistari miwili au mitatu, yaani milimita 0.8 hadi 1.2, na ndani pawe tupu kabisa. Watu husahau hilo la mwisho. Programu ya printa kwa kawaida hujaza ndani ya vipande vinene kwa wavu wa plastiki ili viwe imara, na wavu huo, taa ikiwaka, hutokeza kwenye ngozi kama kivuli cha nondo za dirisha. Ukiona vitone bado vinajitokeza kidogo, zungushia ndani karatasi ile laini ya kufuatishia michoro, inayopatikana duka la vifaa vya ofisi.

Betri na shingo ya upanga

Tuhesabu njaa ya taa. Sehemu inayowaka tuseme ni sentimita 75, pande mbili, kwa hiyo mita moja na nusu, LED 90. Kila LED ikiwasha rangi zote tatu hadi mwisho hula kama miliampea 60. Jumla ni ampea 5.4. Hizo betri moja ndogo haizitoi kwa usalama, na hazihitajiki. Moto wetu ni nyekundu kamili na kijani theluthi, karibu miliampea 27 kwa LED, jumla ampea 2.4. Na ndani ya ukumbi uliopunguzwa taa, theluthi ya mwanga huo inatosha. Ukizidisha unamwumiza kerubi mwenyewe macho. Tumeshuka hadi ampea 0.8. Betri ya miliampea-saa 2500 itakaa kama saa tatu, na igizo lenyewe halifiki hapo hata mhubiri akipewa nafasi.

Betri inayoingia kwenye mpini bila kulazimishwa ni ile ya lithiamu inayoitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ndizo zilizo ndani ya betri za kompyuta mpakato za zamani, na mafundi wengi huzitoa humo. Dukani utakuta zilizoandikwa miliampea-saa 9900. Huo ni uongo wa mchana; 18650 bora huzunguka 3500. Zipime kwa mizani ya jikoni. Ya kweli ina gramu 45 hivi, na nyepesi sana ina kidogo ndani.

Volti zake ni 4.2 ikijaa, 3.7 kwa wastani. Mkanda wa WS2812B umeandikiwa volti 5 lakini unakubali kufanya kazi hadi karibu 3.5, na kinachofifia kwanza volti zikishuka ni buluu, rangi tuliyoizima tangu mwanzo. Kwa hiyo upanga wa moto unaweza kutumia volti za betri kama zilivyo, bila kifaa cha kupandisha volti, ambacho hula sehemu ya umeme na kuchukua nafasi. Anayetaka upanga wa buluu au mweupe hana bahati hiyo, naye akitafute kifaa hicho.

Sasa iangalie betri yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo penye hatari ya kweli katika kazi hii yote. Kopo la chuma la 18650, chini hadi juu, lote ni hasi. Chanya ni kile kichwa kidogo cha juu tu, na kinachokitenganisha na ukingo wa kopo ni kipete chembamba cha plastiki pamoja na ngozi ya rangi iliyozungushwa. Ngozi ikichanika pale juu, waya uliopita kutoka chanya ukigusa ukingo unatosha kuleta shoti inayounguza mkono na kuwasha plastiki. Ngozi iliyochanika ibadilishwe. Betri iliyovimba, iliyobonyea, au ambayo mita inasoma chini ya volti 2, isijaribiwe kufufuliwa. Wala usichomelee waya kwenye betri moja kwa moja, kwa kuwa joto hupenya ndani. Tumia kishikio chenye springi. Kati ya betri na kila kitu kingine pawe na kile kibao kidogo cha kuchajia, TP4056, lakini aina yenye ulinzi. Hiyo hutambulika kwa kuwa na sehemu mbili za waya za kwenda kwenye betri na nyingine mbili za kwenda kwenye taa. Yenye mbili tu huchaji bila kulinda.

Mpini sasa unajipanga wenyewe. Kishikio cha betri kinataka sentimita 7. Kidhibiti kinachozipa taa amri, tuseme Arduino Pro Mini ya volti 3.3, kina sentimita 3 na ushee. Kibao cha kuchajia kinakaribia 3. Tumeshafika 13 au 14, na bado hatujagusa jambo lililovunja panga nyingi za namna hii kuliko jingine lolote, nalo ni shingo. Ubapa unapokutana na mpini ndipo nguvu zote za kurushwa hukusanyika. Mfupa ukiishia pale kwenye kikingio cha mkono, upanga utavunjika hapohapo, na pengine mbele ya waumini. Mfupa uingie ndani ya mpini angalau sentimita 6 na ufungwe kwa bolti ya milimita 4 inayopita katikati yake. Sita na kumi na nne ni ishirini. Umepata upanga wa mikono miwili bila kuuchagua, na kwa kerubi ni sawa tu. Anayetaka mpini mfupi wa mkono mmoja atafute kidhibiti kidogo zaidi na kubeba betri kwenye kirungu cha mwisho wa mpini, jambo linalosaidia pia upanga usielemee mbele.

Waya chache

Mkanda upande ubavu mmoja kutoka mpinini hadi nchani, ukatwe, uunganishwe kwa waya tatu fupi zinazovuka ncha, kisha ushuke ubavu wa pili. Mishale iliyochorwa kwenye mkanda ifuatane: ya ubavu wa kwanza iangalie juu, ya pili chini. Kinyume cha hapo nusu ya upanga haitawaka na utaanza kulaumu programu. Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba ncha zote mbili za mkanda ziko mpinini, kwa hiyo umeme unaingizwa pande zote mbili na taa za mwisho hazififii. Kwenye waya wa amri weka rizista ya omu 330 hadi 470, na kati ya chanya na hasi weka kapasita ya maikrofaradi 1000 ili kuzuia mshtuko wa kuwashwa.

Programu ya moto ni mistari michache: mara kadhaa kwa sekunde, kila LED ipewe kiwango cha chungwa kinachobahatishwa, kisicho mbali sana na kilichopita. Mifano ya bure ipo mingi. Ila usiache kuandika ndani yake kikomo cha mwanga. Kijana akicheza na rangi akaomba nyeupe kamili, ampea 5.4 zitaombwa kwa betri moja, ulinzi utakata, na upanga utazima ghafla kerubi akiwa katikati ya maneno yake.

Kuvisha na kufunga

Meli ya Liemba ilijengwa kwanza huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa kwa bolti za muda, kisha ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5000. Reli iliifikisha hapa Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Zile bolti za muda ndizo za kuiga. Kabla vipande havijapanda basi, aliyevichapisha avivishe vyote kwenye bomba la kipimo kilekile, bila gundi, na akutumie picha. Ukigundua kwamba kipande cha tatu hakiingii ukiwa Kigoma, marekebisho ni siku za kusubiri. Akigundua yeye akiwa karibu na printa, ni tundu la kuchorwa upya.

Maungio yana tabia ya kujionyesha. Penye gundi nyingi pana mstari mweusi, penye mwanya pana mstari mkali wa mwanga. Dawa mojawapo ni kuchora ulimi mwembamba wa milimita 5 unaoingia kwenye kipande kinachofuata, kuta zote mbili zikipunguzwa ili unene ukijumlishwa ubaki uleule. Hiyo inahitaji printa iliyopangwa vizuri sana. Mimi nadhani ni heri kulikubali ungio na kulipamba: pete nyembamba ya rangi ya shaba kila baada ya sentimita 20, na mtazamaji atadhani mhunzi alitaka hivyo. Gundi ya haraka, supa gluu, itumike kwa tone dogo sana, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayong'aa. Kipande cha ncha usikigundishe kabisa. Kifunge kwa skrubu ndogo, maana zile waya tatu za kuvuka ncha ndizo zitakazokatika kwanza, na siku hiyo utashukuru.

Bamba la katikati na mpini unaweza kuvipiga msasa na kuvipaka rangi ya kupuliza upendavyo. Ngozi ya mwanga iache kama ilivyotoka.

Siku yenyewe

Ncha iwe butu, angalau mviringo wa sentimita moja, na makali yawe ya mviringo. Kerubi afundishwe kuuzungusha upanga, si kuupiga. Kama igizo linarekodiwa, mpiga picha ajaribu mapema: LED hizi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, jicho halioni, lakini kamera ya simu inaweza kuonyesha mistari myeusi inayotembea juu ya upanga. Kubadilisha kasi ya kurekodi au kuongeza mwanga wa upanga kidogo kwa kawaida huitibu.

Baada ya onyesho betri itolewe. Isihifadhiwe ikiwa imejaa wala ikiwa imekwisha; nusu, karibu volti 3.7 au 3.8, ndiko inakozeeka polepole. Na kikundi kikialikwa Dar es Salaam kikapata nauli ya ndege, upanga na betri visafiri njia mbili. Mfano wa silaha hauruhusiwi ndani ya ndege pamoja na abiria, kwa hiyo upanga uende na mizigo ya chini. Betri ya lithiamu iliyotolewa kwenye kifaa chake ni kinyume chake: hairuhusiwi chini, inabebwa kwenye mkoba wa mkononi, vichwa vyake vimefunikwa kwa tepu. Usisubiri kuelezwa hayo dirishani uwanja wa ndege, huku nyuma yako kuna foleni na mkononi una upanga.